Alama za Aliko Baada ya Mazishi

Wiki mbili baada ya kumzika kaka yangu, simu iliniletea ujumbe: "Aliko ameteleza leo. Alama: 11."

Nilikuwa dukani kwangu Bondeni, hapa Kyela. Mteja aliniita mara tatu, sikumsikia.

Nieleze kidogo. Aliko alikuwa Austria, akifanya kazi kwenye hoteli chini ya milima ya theluji. Huko alijifunza skii, zile mbao ndefu unazofunga miguuni ukateremka nazo mlimani. Ndani ya buti aliweka soli nyembamba zenye vipimo. Zinajua umekanyagia kisigino au vidole, umelalia upande kiasi gani ukikata kona, mguu upi unategea. Halafu programu ya simu inakupa alama, kama mwalimu mnoko.

Akaniunganisha na mimi nizione. Kila zikiingia, nampigia Mama kule Ipyana.

"Leo kapata ngapi?"

"Tisini na moja."

"Ndaga, asante Mungu. Basi ni mzima huyo."

Januari theluji ikamporomokea. Jeneza lilifika limefungwa. Mama alipiga magoti aonyeshwe uso, japo mara moja. Baba mdogo Zebedayo akakataa katakata: "Tumkumbuke alivyokuwa." Tukazika sanduku.

Sasa hizi kumi na moja ni za nani?

Hapo ndipo nilipofanya ujinga wa maisha yangu. Nilipiga simu.

"Mama, tumezika mtu mwingine! Aliko yupo hai, anateleza sasa hivi!"

Nikasikia ukelele, kisha simu ikakatika.

Nikafunga duka, nikadandia bodaboda. Njiani simu ikalia: 14. Ikalia tena: 23.

"Kaka anapanda!" nilimpigia dereva kelele huku machozi yananitoka.

Karibu na Ipyana nikamwona Mama anakuja mbio barabarani, kitenge kimelowa, tope mpaka kiunoni, miguuni mabuti ya mpira ya shambani. Mkononi kashika simu ya Aliko.

"Anangisye, yuko wapi mwanangu?"

"Mama, hiyo simu..."

"Yangu iliharibika, nikaweka laini humu. Twende basi! Yuko wapi?"

"Na ndani ya mabuti umeweka nini?"

"Soli zake. Zilikuja kwenye begi lake lililoletwa na jeneza, pamoja na hii simu. Zilikuwa na tundu la chaji, nikazichajisha pamoja nayo. Nikizivaa mpungani naona kama tuko wote."

Simu yangu ikalia: 26.

Nikatazama simu, kisha miguu yake: alama zilikuwa za hatua zake. Mama aliniangalia usoni, akaelewa. Akakaa chini palepale barabarani.

"Usiseme, mwanangu. Subiri nifike nyumbani kwanza."

Tulitembea hadi nyumbani. Njia nzima alama ziliendelea kuingia.

Ndugu zangu, mzazi akiomba kumwona marehemu wake, mfungulieni jeneza. Na aliyefiwa msimpelekee tumaini ambalo hamjalihakikisha. Zebedayo alimnyima Mama kumuaga mwanawe. Mimi nilimrudishia akiwa hai, halafu nikamuua mbele yake.