Nilijaribu printa ya picha kwa fee structure ya shule

Wakuu, hamjambo. Wacha nikiri mwenyewe kabla jirani hajaniwahi hapa: nilienda dukani kutafuta printa ya kuchapa picha, nikaijaribu kwa fee structure ya binti yangu, ile karatasi ya karo niliyokuwa nayo mfukoni.

Kila neno hapa ni kweli. Natamani lingekuwa uongo.

Mimi huchora watu nikiwa nyumbani, Kitale. Natoka kwa geti mara chache hadi mbwa wangu hunibwekea nikirudi. Mteja hutuma picha, nachora kwa rangi, na-scan, nachapa. Zamani nilikuwa napeleka cyber wanichapie. Nikaona ati sasa ninunue yangu, nisitoke kabisa.

Muuzaji akaniwekea printa moja ya laser, nzito kama jiko la kuni. Fee structure ikatoka fyaa! Herufi nyeusi tii. Nikabeba.

Kazi ya kwanza ilikuwa ya Mama Nafula, mjane wa Kibabii, kule Bungoma. Mzee wake aliacha picha moja tu, ya kitambulisho. Nikamchora kutoka hiyo. Jumamosi familia ilikuwa inaweka msalaba kaburini, na mchoro ndio ungebebwa mbele. Kuna wajukuu hawakuwahi kumwona.

Alhamisi nikachapa. Mzee akatoka kijani, na mistari usoni kama aliyelalia mkeka.

Nikalaumu karatasi, nikaweka ile glossy ya picha, inayong'aa. Bana! Kumbe laser huchapa kwa joto. Ule utando wa plastiki juu ya karatasi ukayeyuka ndani, ukajibandika kwa rola. Nyumba nzima ikanuka plastiki.

Mama Kevo, jirani yangu wa kuuza maziwa, akachungulia dirishani. "Unachoma nini?"

Nikamwambia niko kazi.

Ijumaa nikabeba flash yenye mchoro mpaka Bungoma kwa dada mmoja wa studio. Swali lake la kwanza: "Picha itakaa wapi?"

Nje, nikasema. Na mnajua mvua ya huko mchana haiombi ruhusa.

Akachagua inkjet yake, printa ya kurusha wino bila joto, yenye wino wa pigment, karatasi nzito isiyong'aa ikiingilia nyuma bila kukunjwa. Ilienda polepole hadi nikatamani kuisukuma. Kisha akachovya kidole kwa maji, akapitisha kwa shavu la mzee.

Nilifumba macho. Nikifungua, mzee yuko vile vile.

Jumamosi Mama Nafula aliishika akaisogeza karibu na macho. Mimi nikaanza kuangalia geti iko wapi.

"Ndiye," akasema. "Hata hiyo jicho ya kushoto alikuwa anaikunja hivyo."

Wakuu, niliketi kwa nyasi bila kuambiwa karibu.

Laser ilitengenezwa, sasa iko kwa ofisi ya shemeji ikichapa barua, kazi inayoiweza. Mimi nimepata inkjet ndogo ya pigment. Safari hii nilienda dukani na mchoro wangu, karatasi yangu, na kachupa ka maji. Muuzaji alidhani nimekuja kuombea printa.

Somo ni hilo tu: usiulize inachapa haraka aje. Ichape picha yako, ukiona, kwa karatasi utakayotumia.

Wenye mnatumia wino wa dye badala ya pigment, mniambie picha hukaa ukutani muda gani kabla ya kupauka. Kunicheka pia mnaruhusiwa, lakini pangeni laini nyuma ya Mama Kevo. Nilipomsimulia yote, aliweka mtungi chini akasema:

"Baba Shiro, mimi nikinunua ng'ombe namkamua kwanza. Wewe ulisikia amelia vizuri, ukalipa."