Ubao Wangu wa Gofu Shinyanga

Mwaka nilioanza kazi, michembe, viazi vyetu vya kukausha, iliisha ghalani tukala mahindi ya njano ya msaada, yale yenye harufu ya gunia. Ndiyo mwaka wenyewe. Tarehe waulizeni waliosoma. Siku ya kwanza nilifika bustani ya mji na Kulwa mgongoni, pacha wake Doto nimemwacha kwa mama. Bwana Bustani, Mzungu mwenye shingo nyekundu aliyetunza pia uwanja wa gofu, akanipa chekeche. "Chekecha mchanga," akasema. Nikachekecha.

Ninyi mnaona gofu kwenye televisheni, nyasi kama zulia. Sisi na jua hili nyasi tungezitoa wapi? Kuzunguka kila shimo tulimwaga mchanga uliochanganywa na oili chafu ya malori, upepo usiupeperushe. Hapo paliitwa brauni. Peusi, pametulia kama uji uliopoa. Nilipapenda mno!

Baadaye nikapandishwa, nikapewa ubao. Mpira ukifika kwenye brauni, wewe unavuta ubao kutoka mpira ulipo mpaka shimoni, unafuta nyayo, mchezaji apate njia iliyo sawa. Lakini ukiuinamisha ukaburuza pembe, unaacha kamfereji, na mpira unakwenda shimoni kama ng'ombe anayerudi zizini.

Siku ya kombe, nyapara wetu akaniita kando.

"Mama Kulwa, leo lazima ashinde meneja wa kinu cha pamba. Mburuzie pembe."

"Kwani yeye hajui kupiga?"

"Ataniandikia mdogo wangu kazi kinuni. Ukikataa, kesho usije. Hao pacha utawalisha mchanga?"

Kwa njaa ile, kibarua kikikutoka, wanao wanalala na maji. Lakini brauni ile niliilaza mimi, kwa mikono hii. Nikamwambia: "Siburuzi pembe. Ukitaka mfereji, chimba mwenyewe."

Nikavuta ubao wangu sawasawa. Meneja akapiga, mpira ukapita kando ya shimo. Akacheka, akampa mkono aliyemshinda. Kumbe masikini hakujua lolote! Nyapara alivimba kama chura.

Kesho yake nikaja. Kunifukuza hakuweza bila Bwana Bustani, na huyo angemwambia nimekosa nini? Nyapara akanitupa kwenye oili. Kiangazi kizima nikabeba madebe kutoka gereji, nywele zikanuka lori. Ubao akampa mtu mwingine, mpaka Bwana Bustani mwenyewe akapiga kelele: "Huyu anavuta au analima matuta? Mama wa ubao yuko wapi?" Nikarudi, na sikuuachia tena mpaka viungo vilipokataa.

Siku hizi nimekaa. Kazi ile ilinipa jina hapa mjini, nami najivuna nalo, sifichi. Wajukuu wananitania. Juzi mdogo wao kaniuliza, "Lakini Bibi, na njaa yote ile? Ungeburuza mara moja tu, nani angejua?"

Nikamjibu kama nilivyomjibu nyapara: "Siburuzi pembe. Ukitaka mfereji, chimba mwenyewe."