Rubani Aliyefungwa Kamba

Siku ile ofisini tulikuwa sita: mwalimu wa nidhamu, mwalimu wa historia, kijana aliyepasuka mdomo, mama yake, mdogo wangu wa kike, na mimi niliyeitwa. Nilikuwa nimetoka moja kwa moja kwenye shamba langu la mwani baharini, kanga imelowa mpaka magotini.

"Mzazi yuko wapi?" mwalimu wa nidhamu aliuliza huku akinitazama.

"Ndiye mie."

"Wewe ni dada yake."

"Baba na mama wamekufa, mwalimu. Watatu waliobaki nawalea mie. Ukitaka mwengine, hutampata."

Kisa chenyewe kilitokea katika somo la ujio wa Wareno. Mwalimu wa historia, kijana mgeni kutoka Unguja, hakupenda wanafunzi wakae tu wakariri. Alisukuma madawati ukutani, akachora bahari kwa chaki sakafuni, akalaza viti viwe miamba. Nahodha wa Kireno alifungwa kitambaa machoni kwa sababu bahari ile haijui, na rubani mwenyeji alitakiwa amwongoze kwa sauti. Rubani alikuwa mdogo wangu. Nahodha alikuwa yule kijana aliyepasuka mdomo, naye akaongeza lake: alikuja na kamba, akamfunga rubani mikono, kwani kitabuni imeandikwa kwamba Wareno waliwakamata marubani kwa nguvu.

Mdogo wangu alimwambia, "Maji yanakupwa. Tungoje yajae." Darasa zima likacheka. Nahodha akavuta kamba: "Twende, mtumwa!"

"Haya," alijibu. "Nyoosha moja kwa moja."

Kijana akanyoosha mpaka kwenye kiti, akaangukia mdomo.

Sasa mwalimu wa nidhamu alitaka mdogo wangu aombe samahani mstarini, mbele ya shule nzima, au akae nyumbani mpaka aitwe. Neno hilo nalijua. Mimi niliambiwa nikae nyumbani wiki moja baada ya maziko ya mama, nikiwa kidato cha kwanza. Sikurudi tena.

"Mwanangu kashonwa nyuzi mbili!" mama wa kijana alisema.

"Pole sana, mama. Na mdogo wangu atampa pole mwanao sasa hivi, kwa sababu ameumia." Mdogo wangu akampa, na akampa kwa moyo. "Lakini samahani ya mstarini haombi."

"Kiburi hicho," mwalimu wa nidhamu alisema.

"Kiite upendavyo. Umemfunga mtu kamba, umemwita mtumwa, kakwambia maji yanakupwa hukumsikia, kisha unataka akupitishe salama? Kwa lipi? Mwambieni kijana huyu kwanza aombe samahani ya kamba."

 

Mwalimu wa historia akakohoa. "Ni kweli alisema habari ya maji. Hata mimi nilicheka. Nilidhani anatania."

Kijana naye akasema kwa taabu, mdomo umevimba, "Kamba niliileta mie, mama."

"Nyamaza wewe!"

"Ningekuwa rubani, hata mie ningemgongesha nahodha huyo," kijana akaendelea.

Mama yake alijikaza asicheke, akashindwa. "Mjinga huyu! Toka asubuhi nalia mie, kumbe kajitakia mwenyewe!"

Mwalimu wa nidhamu hakucheka. Alisema atamrudisha binti darasani ikiwa tu somo lile litarudiwa, safari hii bila mtu kuumia. Mwalimu wa historia akanigeukia.

"Basi utatusaidia wewe, dada. Kipindi kimoja, ufukweni, uwaeleze maji yanavyokupwa na kujaa, na rubani alikuwa anajua nini. Mimi sijui, na kitabu hakisemi."

Nikaitikia upesi. Ningeitikia chochote kisichokuwa kupiga magoti. Kwa ahadi hiyo mdogo wangu akachukua mkoba wake, akaingia darasani siku ileile.

Siku nyingi zimepita; sasa yuko kidato cha tatu. Mwalimu wa historia kila akinikuta dukani huniuliza, "Dada, lini?" nami humjibu, "Bamvua lijalo, inshallah." Bamvua, zile siku za maji kujaa na kukupwa mno, hupita, maji yakaenda mbali, nikainama kwenye kamba zangu za mwani nikijifanya sina nafasi. Ofisi ile sikuiogopa, na leo wakiniita nitasema yaleyale. Ninaowaogopa ni wale watoto wenye madaftari, watakaoandika kila nitakalosema. Kipindi chao nadaiwa bado.