Asiyepokea Simu Andika Amepona

Katika chumba cha mafaili cha hospitali ile, kati ya rafu iliyopinda mgongo na dirisha lisilofunguka, aliketi mwanamke waliyemwita Mama Faili. Miaka ishirini na miwili aliyatunza mafaili kama alivyotunza sala zake, bila kuruka hata moja. Utafiti ulipokuja akapewa simu ya mezani na cheo cha mfuatiliaji wa wagonjwa. Cheo kilikuja peke yake. Kiti kilibaki kile kile cha miguu mitatu na tofali.

Mwenye utafiti alikuwa daktari bingwa wa upasuaji, mtu msafi, mwenye mkono mwepesi na masikio mazito. Alikuwa amegundua jambo. Kabla ya kumpasua mwenye saratani ya utumbo, alipima namba fulani kwenye damu. Namba ikiwa ndogo, saratani haitarudi, na mgonjwa hana haja ya dawa za mshipani za kuua mabaki ya ugonjwa. Habari njema, nani asiyeitaka? Kazi ya Mama Faili ilikuwa kuwapigia waliopasuliwa, mwaka ukipita, awaulize hali.

Utaratibu ulibandikwa ukutani. Piga siku tatu tofauti. Asipopokea, andika amepona. Daktari alifafanua kwa upole wa mtu anayefundisha watoto kwamba mgonjwa akizidiwa hurudi mwenyewe. Asiyerudi wala kupokea simu yuko kwenye shughuli zake, hana muda na sisi. Wasaidizi wakaitikia kwa vichwa. Watu waliosoma hadi macho yakaomba miwani, na hakuna aliyekumbuka kwamba marehemu naye hapokei simu.

Mama Faili alikumbuka. Lakini yeye shule aliishia darasa la saba, akadhani ipo hesabu ya juu wanayoijua wakubwa. Akapiga, akaandika. Katika wiki moja aliponya watu arobaini na mmoja kwa kalamu ya buluu, na wala hakutoka jasho.

Kisha mdogo wake, wa tumbo moja, akapasuliwa humo humo. Namba ikatoka ndogo.

"Dada, nimesalimika," alisema kitandani. "Hizo dawa za mshipani sitazionja. Daktari kasema niende nyumbani nikale ninenepe."

Dada akacheka naye, akashukuru Mungu, akarudi kwenye kiti chake. Hakikukalika.

Akayachomoa mafaili ya wale arobaini na mmoja. Ukurasa wa nyuma wa kila jalada ulikuwa na mstari aliouandika mwenyewe siku mgonjwa alipopokelewa: ndugu wa karibu, na simu yake. Mstari huo haukuingizwa kwenye kompyuta, kwa kuwa kompyuta ilikuwa ya kisasa. Akaanza kupiga. Mume mmoja akamwambia mkewe alizikwa kabla ya mvua kuanza. Binti mmoja akauliza, bila ukali, mbona hospitali inaulizia leo. Wengi walisema mgonjwa wao alipoanza kuumwa tena hakurudi, maana si aliambiwa amepona? Kufika Alhamisi, waliofariki walikuwa ishirini na saba. Kumi na tisa kati yao namba zao zilikuwa ndogo.

Alimkuta daktari akipanga picha za kwenda kuonyesha mkutanoni. Ya kwanza ilikuwa ya mwalimu mmoja mwanamke, anacheka, siku ya kuruhusiwa. Akamweleza simu alizopiga na hesabu aliyoipata.

"Nani alikuruhusu kupiga simu ya nne?" daktari akauliza.

"Hakuna, daktari. Wenyewe tumewauliza mara tatu. Nikaona niwaulize waliowazika."

Daktari akasema utafiti una misingi yake, kwamba takwimu si maneno ya kisimani. Asiyekuwepo na lake halipo, ndiyo maana yake, ila yeye alilisema kwa maneno marefu zaidi. Mama Faili akamsubiri amalize, kama anavyosubiri mahubiri marefu. Kisha akamwekea mezani faili la yule mwalimu.

"Aliishi miezi saba tu," akasema. "Mwanawe anakusalimu. Anasema ulimshona mama yake vizuri."

Daktari akakaa. Akasoma ukurasa wa nyuma, ambao huenda hakujua kama upo. Baada ya muda akaandika karatasi: mdogo wake Mama Faili aanze dawa wiki ijayo, "kwa tahadhari". Akamsogezea kama mtu anayefunga mlango polepole.

Mwingine angepokea akaaga, na nani angemlaumu? Damu nzito kuliko maji. Mama Faili aliipokea, akaikunja, akabaki amesimama.

"Na wenye namba ndogo walio hai, baba? Nao tuliwaambia waende wakale."

Ataandika barua, daktari akasema. Mama Faili akakubali kwamba barua ni kitu kizuri, ila zina tabia ya kusubiri mkutano uishe. Akamwachia orodha, na simu ya mezani akaielekeza upande wake. Alipofika mlangoni alimsikia bingwa, yule awezaye kupasua kwa saa sita mfululizo, akijikwaa simuni kwenye "habari za nyumbani".

Yeye akashuka wodini. Akamweleza mdogo wake yote, bila kupunguza.

"Na hayo ya amepona, amepona, nani alikuwa anaandika?"

"Mimi."

Mdogo akageukia ukutani. Sahani za mchana zikaja, zikakusanywa. Kisha, bila kugeuka, akaivuta miguu yake, dada apate pa kukaa.