Mafiga ya Shangazi Ndeshi

Kila nikichochea moto, mwanangu, naikumbuka siku ile ya ziwani na bado inanichekesha. Nilikuwa nimechumbiwa na mwalimu Aminieli, kijana wa Kiboriloni. Baba yangu alikuwa ameshafariki, kwa hiyo neno la mwisho juu ya ndoa yangu lilikuwa la Shangazi Ndeshi. Akikataa jambo, hata padri alikuwa hambishii.

Huku mlimani ilikuwa desturi kuanza jiko la bi harusi kwa mafiga. Ya dada yangu yalipasuka motoni, na ndoa yake ikavunjika mwaka uleule, basi Shangazi akaapa kwamba yangu yatatoka mbali. Mimi nilijua mwenye kasoro alikuwa shemeji, si mawe, lakini nani angemwambia?

Tukapanda lori la magadi kwenda Umasaini, mimi, Shangazi na Aminieli juu ya magunia matupu, vumbi limetutia mvi. Kule ziwani, kando ya maji ya chumvi, tulikuta mawe ya mviringo yamejipanga vizuri, yana utelezi wa kijani. Shangazi akapiga vigelegele. Akakunja kanga, akaingia majini, akalikumbatia moja.

Aminieli akavua kofia.

"Shikamoo, Shangazi."

"Si umeniamkia asubuhi?"

"Naomba uliache, mama yangu. Hilo liko hai. Limejengwa na vijidudu vidogo visivyoonekana, na bado vinajenga."

Mkwe mtarajiwa kumkataza Shangazi! Nikajua posa imekwenda na maji.

Shangazi aliinama, akaona vipovu vidogo vikipanda kutoka kwenye jiwe, kimoja baada ya kingine.

"Linapumua," akasema polepole. "Lina umri gani?"

"Hili sijui. Ila jamii yake ilikuwepo kabla mlima wetu haujatoka ardhini."

Shangazi akaliachia taratibu. Akapiga goti pale pale majini, yeye ambaye kijiji kizima kilimwamkia, akasema, "Shikamoo, bibi. Nisamehe, sikukutambua."

Tulicheka mpaka dereva akaja kuuliza kulikoni. Njiani Shangazi akanishika mkono. "Huyu amenikatalia mbele yako, na heshima yangu haikupungua hata kidogo. Olewa naye." Nililia kwa furaha, sioni aibu kukuambia.

Tulipofika nyumbani alibomoa jiko lake mwenyewe, akanipa mafiga yaliyompikia maisha yake yote. Yeye akaokota mengine mtoni.

Basi mwanangu, ukiona mkubwa anakosea, usinyamaze kwa woga, wala usimvunjie heshima. Mwamkie kwanza, kisha mwambie. Na wewe ukiwa mkubwa, ukiambiwa, inama utazame. Mungu akujalie nyumba ambayo ukweli unasemwa kwa upole, na moto wake usikuzimikie.