Mistari Minne ya Mwalimu Mwakio

Usiku ule nililala na nguo za kazini, ripoti ya ugunduzi wa mwisho ikiwa tayari mezani, jina la Mwalimu Mwakio likiwa la kwanza juu yake. Asubuhi tungekutana nyumbani kwake kwa kumbukumbu ya siku arobaini, na mjane wake, Mama Neema, alikuwa ameniomba niisome mbele ya watu.

Mwalimu ndiye aliyenifundisha kusafisha data za darubini ya redio. Dishi letu husikiliza mawimbi hafifu mno kutoka angani, lakini simu, pikipiki na ndege zina makelele yake, na yote huingia humo humo. Basi mtu hukaa mbele ya kompyuta, anatazama picha ya kila saa ya usikilizaji, na penye uchafu anatia alama ili pasihesabiwe. Si kazi ya kuogopa. Inataka macho na subira, na yeyote mwenye navyo ataiweza. Mwalimu alizoea kunitania kwamba akiniacha peke yangu, nitaipa bodaboda jina la nyota.

Katika miezi yake ya mwisho alipata kwenye picha hizo mistari minne mikali, mmoja kila siku, siku nne mfululizo. Hapa lazima nieleze kidogo. Kituoni kwetu pana saa mbili ukutani. Moja ni ya kawaida. Ya pili tunaiita saa ya nyota, nayo hukimbia mbele karibu dakika nne kila siku, kwa sababu nyota nazo huchomoza mapema kiasi hicho kila siku. Kinachorudi wakati ule ule kwa saa ya nyota kimetoka angani. Kinachorudi wakati ule ule kwa saa ya kawaida kimetoka kwa watu. Mistari ya Mwalimu, kwa jinsi alivyoiandika daftarini, ilirudi kwa saa ya nyota. Aliifurahia kama mtu aliyepata mtoto uzeeni.

Nikalala. Na mara nimo kituoni, mlango uko wazi, na Mwalimu ameketi kwenye kiti changu na shuka la hospitali begani. Hanisalimu. Anafungua picha moja baada ya nyingine, kidole kwenye kioo, kama zamani. Hii? Pikipiki, nasema. Na hii? Ndege. Anaitikia kwa kichwa, na moyo wangu unafurahi, kwa kuwa nimesahau kwamba amekufa.

Kisha inafunguka ile mistari minne.

"Na hii, Rehema?"

"Hiyo ni nyota yako, Mwalimu."

Ananingoja, kama alivyoningoja siku zote nilipokosea, bila haraka, mpaka nione mwenyewe. Chumba kinakuwa wodi. Kompyuta iko juu ya magoti yake kitandani, nami nimeshika kikombe cha uji kilichopoa. Nageuka nikiweke mezani, na hakuna meza. Tumesimama kwenye nyasi mbichi nje ya shamba la maua lililo jirani na kituo. Jioni inaingia. Mlinzi wa shamba anawasha uzio wa umeme, kama anavyofanya kila jioni saa ile ile, na pale nyasi zinapogusa waya inaruka cheche.

Mwalimu anaitazama cheche ile kwa muda mrefu.

Nilikuwa naijua. Umeme ulikatika kituoni wiki ya mistari ile, na uliporudi, saa ya nyota iliwaka ikienda kama saa ya kawaida. Hakuna aliyeona. Mwalimu, akiwa na homa, aliandika kwa kuitazama hiyo, na cheche ya uzio wa shamba ikaonekana kama kitu cha mbinguni. Mimi niliona nilipolinganisha daftari lake na saa ya kompyuta. Sikutia alama. Nikafunga na kwenda kumpelekea uji hospitalini.

"Ulijua lini?" anauliza.

"Wiki mbili kabla hujatuacha."

"Nilikuwa naongea?"

"Ulikuwa unaongea."

"Na akili zangu nilikuwa nazo?"

Nasema ndiyo. Wiki ile alikuwa akiwaambia wauguzi kwamba wamemchoma sindano nyingi hadi anavuja kama chujio. Namweleza kwamba nilimhurumia, kwamba nilitaka aondoke akiwa na kitu chake. Najisikia nikiongea haraka, na maneno yangu yote ni ya kweli, na hakuna hata moja linalonisaidia.

"Huruma gani? Ulininyima kuifuta mwenyewe."

Naahidi kuifuta. Naahidi zaidi: nitaandika kwamba yeye ndiye aliyegundua kosa, kitandani, kabla ya mwisho. Watu watamsifu. Anacheka kile kicheko chake kifupi, lakini safari hii hakina joto.

"Uchafu juu ya uchafu. Ndivyo nilivyokufundisha?"

Nyasi zinanilowesha miguu. Nataka kumshika mkono na mkono hauko, lipo shuka tu, kisha shuka nalo halipo. Sauti inabaki karibu na sikio langu, ya chini, ya mtu anayesahihisha daftari la mwanafunzi.

"Usiandike kwamba niligundua. Andika kwamba sikuambiwa."

Niliamka kumekucha. Nikawasha kompyuta na kuitia alama ile mistari, wa kwanza hadi wa nne. Ilinichukua dakika moja, kazi ambayo yeye angeifanya kwa mikono yake kama ningemwachia. Ripoti ikabaki bila kitu ndani. Halafu nikampigia simu Mama Neema. Alipokea akiwa na furaha, akaniuliza kama nimeamka mapema kufanya mazoezi ya kusoma, maana wageni wa kutoka mbali walikuwa wamekwisha fika na wote wanataka kusikia habari za ile nyota.

"Mama," nikasema, "kuna jambo Mwalimu hakuambiwa. Na ni mimi niliyemficha."