Umri wa Bomba

Kazi yangu ni kukisia chuma cha mtambo wa mvuke kimebakiza umri gani. Chuma kikikaa motoni miaka mingi, huku mvuke unakisukuma kutoka ndani, hutanuka polepole. Hutokea vishimo visivyoonekana kwa macho, na vikishaungana bomba hupasuka. Nalisugua bomba kwa msasa, nabandika utando laini unaonakili uso wake, nautazama kwa hadubini. Baada ya hapo nataka mambo mawili: limefanya kazi jumla ya saa ngapi, na kwa joto gani. Joto likizidi kidogo tu, umri hupungua mno.

Kuna kiwanda njia ya Pangani kinachojizalishia umeme. Daftari lao la joto lilikuwa na tarakimu ileile kila siku, miaka nenda miaka rudi. Hadubini ilisema mengine. Nilikasirika, kwani sipendi kufanywa mjinga.

Mtunza boila alikuwa mzee aliyenifundisha kushika spana nilipomaliza shule. Nilimwamkia shikamoo, nikampelekea kahawa, nikakaa naye nikimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

“Msema kweli mpenzi wa Mungu,” akasema. “Nikwambie weye, mwanangu. Ijumaa asubuhi twazidisha moto, kazi ya siku nzima iishe kabla ya adhana. Wakubwa wote wajua. Daftarini twaandika ileile.”

Nilimshukuru. Hesabu ikakaa sawa: bomba lilibakiza kama mwaka mmoja. Katika ripoti niliyaandika maneno yake yote, na jina lake kamili. Nilitaka wakubwa wajue kwamba mimi sidanganyiki. Sababu nyingine sikuwa nayo.

Mwenye kiwanda aliisoma mbele yangu. Bomba jipya litasubiri, alisema, kwa sasa watapunguza moto. Mzee alifukuzwa siku hiyohiyo kwa kosa la kughushi daftari, akiwa amebakiza miezi michache astaafu. Wakubwa waliojua ndio waliotia saini barua yake.

Alinifuata nyumbani Mabawa adhuhuri moja. Sikumkaribisha ndani, tulisimama barazani. Hakupandisha sauti.

“Joto ulilihitaji, nikakupa,” alisema. “Jina langu je, liliingia wapi katika hesabu?”

Nilimwambia ndio utaratibu wa kazi. Nilikuwa nasema uongo, na alijua. Akaniaga kwa adabu, nami nikarudi ndani kumalizia wali wangu kabla haujapoa.